Maneno ya Hospitali na Maneno ya Mahakama: Mwongozo Kamili wa Kusoma Faili Lako la Madai ya Kuumia

Watu wengi walioumia kwa uzembe wa mtu mwingine wanakwama mahali pamoja. Faili wanalo, wakili wanaye au wanamtafuta, na maumivu yao wanayajua kuliko mtu yeyote. Kisha wanaulizwa swali jepesi, "Uliumia nini hasa?", na jibu linalotoka mdomoni halifanani na lililoandikwa hospitalini, wala na lililomo kwenye hati ya madai. Upande wa pili hauhitaji hata kuonyesha kwamba unadanganya. Unaziweka tu kauli hizo tatu kando kwa kando, basi.

Kazi yetu hapa ni kuzifanya kauli hizo tatu ziseme kitu kimoja: yako, ya daktari na ya mahakama. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili. Unakuwezesha kukaa mbele yake ukijua karatasi zako zinasema nini.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Nakala za karatasi zote za hospitali: maandishi ya siku ya kwanza kabisa, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, kadi ya kliniki na rekodi za fiziotherapia.
- Ripoti zilizoandikwa za eksirei na vipimo vingine. Filamu peke yake haitoshi. Unachohitaji ni maneno ya mtaalamu aliyeisoma.
- Taarifa ya polisi, au maandishi ya ajali kutoka kazini kama uliumia ukiwa kazini.
- Risiti zote, pamoja na za nauli ya kwenda kliniki.
- Barua za kampuni ya bima na za mawakili, hata zile fupi.
- Daftari kubwa, rula, na kalamu mbili za rangi tofauti.

Onyo: fanya kazi kwenye nakala tu. Karatasi halisi usiiguse kwa kalamu, hata kama ni kurekebisha herufi moja ya jina lako. Wino wako juu ya maandishi ya daktari unaweza kuzua swali la kughushi, na swali hilo likishaulizwa linachafua faili zima. Ukiona kosa, iandikie hospitali uombe sahihisho lenye tarehe na saini.

## Hatua ya 1: Panga kwa tarehe, kisha chora safu tatu

Anza na karatasi ya zamani kuliko zote. Maandishi ya siku ya kwanza yana uzito wa pekee kwa sababu yaliandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria fidia.

Kwenye daftari chora safu tatu. Ya kwanza iite "Nasema", ya pili "Daktari ameandika", ya tatu "Mahakamani inaitwa". Kila tatizo la mwili lipate mstari wake.

Ukikuta kipindi kirefu kisicho na karatasi yoyote, kitie alama ya kalamu ya pili. Wakili wa upande wa pili atakiona. Andika pembeni kilichotokea: hukuwa na hela, uliambiwa upumzike nyumbani, au maumivu yalipungua kisha yakarudi. Andika ukweli ulivyo.

## Hatua ya 2: Taja kiungo chenyewe

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kina maneno mapana ambayo nyumbani hayana shida, lakini mahakamani yanaumiza.

Nilikaa na mama mmoja ambaye kwenye taarifa yake aliandika "niliumia mkono". Aliyemtafsiria akachagua neno la kiganja. Faili la hospitali lilisema mfupa wa kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, juu kidogo ya kifundo. Akaulizwa swali moja tu: ni kiganja au ni kigasha? Mama akanyoosha mkono wote, kuanzia begani hadi kwenye kucha, akasema, "Ndio huu." Alikuwa mkweli kabisa, na bado alionekana kama mtu anayebadilisha maneno.

Kwa hiyo pitia safu ya kwanza na uyavunje maneno haya.

Mkono. Ni bega, mkono wa juu, kiwiko, kigasha, kifundo cha mkono, kiganja, au kidole? Kidole kipi? Kulia au kushoto? Na ndio mkono unaoutumia kuandikia na kushikia kazi? Hili la mwisho husahaulika mno, ilhali linaweza kubadilisha kiwango cha fidia.

Mguu. Vivyo hivyo: nyonga, paja, goti, muundi, kifundo, kisigino, wayo, kidole. Mtu akisema "siwezi kukanyaga mguu", msikilizaji hajui kama tatizo liko kwenye nyonga au unyayoni.

Mshipa. Neno hili ni mtego. Tunaliita mshipa linalopitisha damu, tunaliita mshipa linalopeleka hisia, na hata kano inayounganisha msuli na mfupa tunaiita mshipa. Kwa daktari hivyo ni vitu vitatu visivyohusiana. Mshipa wa damu ukikatika, unatokwa damu. Neva ikibanwa au kukatika, unapata ganzi, mchomo kama wa umeme, au kiungo kinakosa nguvu. Kano ikikatika, kidole au wayo haujikunji tena. Usiandike "mshipa" peke yake. Andika unachohisi, halafu tafuta kwenye faili ni kipi kati ya hivyo vitatu.

Kuteguka. Mtu ambaye mfupa wake umetoka kwenye kiungo na mtu aliyevutika ligamenti wote husema "nimeteguka". Kwa daktari, la kwanza ni mfupa kuacha mahali pake kwenye kiungo na kuhitaji kurudishwa. La pili ni utando unaofunga mfupa na mfupa kuvutika au kuchanika, huku mifupa yenyewe ikiwa mahali pake. Kuna na la tatu, la msuli wenyewe kuvutika. Uzito wake haufanani, wala muda wa kupona.

Kiuno na mgongo. Pingili za shingo ni 7, na faili linaziandika C1 hadi C7. Za kifuani ni 12, T1 hadi T12. Za kiunoni ni 5, L1 hadi L5, na chini yake kuna mfupa wa sakramu unaoandikwa kwa herufi S. Ukiona "L4/L5", maana yake ni nafasi iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, ambako kuna diski, yaani kile kitu kama mto kinachozuia pingili zisisagane. Ndiyo maana mtu ambaye diski yake ya kiuno imetokeza anaweza kulalamika mguu: neva inayobanwa kiunoni ndiyo inayoshuka mguuni. Bila maelezo hayo, hakimu anaona karatasi ya mgongo na mdai anayelia na mguu.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiweza kuweka kidole kimoja juu ya mwili wako, mahali pamoja, kwa kila mstari wa daftari.

## Hatua ya 3: Fungua vifupisho

Chukua mstari kama huu, wa aina inayopatikana kwenye faili la majeruhi:

> RTA. LOC (–). GCS 15/15. # Lt radius. POP. R/V 2/52.

Tuufungue kipande kwa kipande.

RTA ni ajali ya barabarani. LOC ni kupoteza fahamu, na alama ya kutoa mbele yake inasema hakupoteza. Hapo simama ujiulize: ni kweli? Kama ulizimia hata kwa muda mfupi na huna kumbukumbu ya kilichotokea, mstari huu unapingana nawe tangu siku ya kwanza. Tafuta mtu aliyekuwepo.

GCS ni kipimo cha Glasgow cha hali ya fahamu. Kinajumlisha alama za macho (hadi 4), za kusema (hadi 5) na za kujongeza viungo (hadi 6). Cha juu ni 15 na cha chini ni 3. Hakuna sifuri, hata kwa asiyeitika kabisa. Kwa kawaida 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa jeraha dogo la kichwa, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini ni kubwa. Angalia hatari iliyopo: 15/15 haimaanishi kichwa hakikuumia. Mtu mwenye mtikisiko wa ubongo anaweza kupata 15 kamili, kisha kwa wiki kadhaa akasumbuliwa na kichwa, kusahau na kukosa usingizi.

# ni mvunjiko wa mfupa. Lt ni kushoto, Rt ni kulia. Radius ni mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. POP ni plasta ngumu, yaani hogo. R/V ni kurudi kuonwa tena.

Na 2/52 si tarehe wala si sehemu ya hesabu. Ni wiki 2, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Kwa mtindo huo huo 3/7 ni siku 3, na 6/12 ni miezi 6. Aliyedhani 6/12 ni tarehe atakuwa amekosa kliniki, na pengo hilo litaitwa uzembe wake.

Kifupisho usichokielewa usikibahatishe. Muulize muuguzi au daktari wa kliniki, maana herufi zilezile huweza kuwa na maana tofauti katika idara tofauti.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumsomea mtu wa nyumbani ukurasa wa siku ya kwanza kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka alama.

## Hatua ya 4: Tenga ulichosema na alichokiona daktari

Rudia safu ya pili ukiwa na kalamu mbili. Kwa rangi moja pigia mstari yale uliyomwambia daktari: naumwa, nahisi kizunguzungu, kuna ganzi. Kwa rangi nyingine, yale aliyoyaona au kuyapima mwenyewe: uvimbe, kovu la sentimita kadhaa, goti lisilokunjika zaidi ya nyuzi fulani, mfupa uliovunjika kwenye picha.

Sababu ni hii: malalamiko ni ushahidi, lakini yanategemea wewe kuaminiwa. Vipimo vinasimama vyenyewe. Jeraha lenye rangi zote mbili lina miguu miwili.

Kuna maneno matatu hapa yanayowatisha watu bure, au yanayowapotosha.

La kwanza ni "mgonjwa anakana". Daktari akiandika kwamba unakana maumivu ya kifua, hakuiti mwongo. Ameuliza, ukasema hapana.

La pili ni NAD, kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Isome kama ilivyo: haikuonekana, katika kile kilichochunguzwa, kwa chombo kilichotumika. Eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa. Haionyeshi vizuri ligamenti, diski wala neva, ambazo kwa kawaida hutafutwa kwa MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku. Hata mfupa wenyewe unaweza kujificha. Kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, skafoidi, ambao ukivunjika huenda usionekane kwenye picha ya kwanza, ndiyo sababu madaktari huagiza picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14.

La tatu ni "anaendelea vizuri", na hili linaniuma kila ninapolikuta. Daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Ulimi unajibu "nzuri" kabla hujafikiri, kama tunavyojibu salamu. Naye anaandika. Miezi ikipita, neno hilo la adabu linasomwa mbele ya hakimu kama uthibitisho kwamba ulishapona. Ukiwa kliniki, salamu iitikie, kisha useme: usiku silali kwa ubavu huu, ngazi nashuka kwa kushikilia, ndoo sinyanyui. Hakikisha ameyaandika.

Onyo: usiongeze hata punje. Anayesema hawezi kunyanyua mkono kabisa, kisha akaonekana akianika nguo, amepoteza na yale yaliyokuwa kweli.

## Hatua ya 5: Chunga maneno ya muda

Tafsiri nyingi huharibika hapa.

Daktari anaposema jeraha ni la papo hapo (kwa Kiingereza "acute"), anazungumzia lini limeanza: ghafla, karibuni. Wafasiri wengi neno hilo huliandika "kali", na ghafla jeraha dogo la jana linaonekana kubwa. Vivyo hivyo "sugu" kwa daktari ni lile linalodumu. Maumivu huitwa sugu yakipita miezi 3. Yanaweza kuwa sugu na yasiwe makali.

"Ubashiri" ni kauli ya daktari kuhusu mbele: utapona, kwa kiasi gani, kwa muda gani. "Upeo wa kupona" ni pale hali ilipotulia na matibabu zaidi hayatarajiwi kuleta mabadiliko makubwa. Si lazima uwe mzima. Maana yake ni kwamba ulivyo sasa ndivyo inavyotarajiwa ubaki. Asilimia ya ulemavu wa kudumu hupimwa ukifika hapo, si kabla.

Kuhusu asilimia hiyo, uliza swali moja: ni asilimia ya nini? Asilimia 20 ya mkono si asilimia 20 ya mwili mzima, na barua za bima huweza kuliacha neno la mwisho. Tena, upungufu wa kiungo ni jambo moja na kushindwa kazi ni jambo jingine. Fundi cherehani na mwalimu waliopoteza ncha ya kidole kilekile wana upungufu uleule, lakini hawajapoteza riziki ileile. Ripoti ya daktari mara nyingi huishia kwenye upungufu. Hilo la riziki ni lako kulithibitisha.

## Hatua ya 6: Jaza safu ya tatu

Maneno yafuatayo ni ya nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza.

Kwanza, ujue uko kwenye kesi gani. Dereva akipelekwa mahakamani na polisi, hiyo ni jinai: yeye ni mshtakiwa, wewe ni shahidi, na kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka ya msingi. Faini atakayotozwa kwa kawaida si fidia yako. Kesi ya madai unaifungua wewe: wewe ni mdai, yeye ni mdaiwa, na kipimo chake ni mizani ya uwezekano, yaani hoja yako iwe na uwezekano unaozidi asilimia 50.

Uzembe kisheria una nguzo nne, na ikikosekana moja dai linaanguka: alikuwa na wajibu wa kukuchunga, aliuvunja, kuvunja kwake ndiko kulikosababisha, na ulipata madhara. Mbili za kwanza hutoka kwenye taarifa ya polisi na mashahidi. Mbili za mwisho hutoka kwenye faili la hospitali. Andika namba ya nguzo kando ya kila karatasi.

Uzembe wa kuchangia ni sehemu yako ya kosa, mfano kutofunga mkanda. Mara nyingi hupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako. Kuwa mwangalifu na mazoea ya kusema "ilikuwa bahati mbaya tu" kwenye taarifa. Kwako ni kauli ya kistaarabu; upande wa pili utaisoma kama umekiri kwamba hakuna mwenye kosa.

Wajibu wa kupunguza hasara ni kufanya yale ambayo mtu mwenye busara angefanya ili apone: kuhudhuria fiziotherapia, kumeza dawa. Zile alama za pengo ulizoweka Hatua ya 1 zinahusika hapa.

Fidia maalumu ni hasara inayohesabika hadi siku ya kesi: matibabu, nauli, mshahara uliopotea. Inatakiwa idaiwe kwa kutajwa na ithibitishwe kwa karatasi. Fidia ya jumla ni ile mahakama inayoikadiria: maumivu, mateso, kukosa raha za maisha. Haina risiti, kwa hiyo inategemea maelezo ya kila siku ya ulichoshindwa.

Ukomo wa muda ni tarehe ambayo baada yake mlango unafungwa, hata ukiwa na haki kiasi gani. Kila nchi ina wake, na madai dhidi ya serikali huweza kuhitaji notisi mapema zaidi. Iulizie tarehe hii leo, kabla ya kumaliza kusoma, uiandike kwenye jalada la daftari.

Neno moja la kuangalia: "rufaa". Hospitalini ni kupelekwa kwa mtaalamu mwingine. Mahakamani ni kupinga hukumu. Ukimwambia karani "nina rufaa" huku umeshika barua ya hospitali, mtazungushana siku nzima.

## Hatua ya 7: Tafuta sentensi inayounganisha

Ripoti nyingi husema jeraha "linaendana na" ajali iliyoelezwa. Kauli hiyo inasema tu kwamba havipingani. Haisemi kwamba ajali ndiyo iliyosababisha. "Inawezekana" nayo haifiki kwenye mizani.

Mwombe wakili wako amwandikie daktari swali la wazi: je, kwa maoni yako, kuna uwezekano mkubwa kuliko la kwamba ajali hii ndiyo iliyosababisha hali hii, au iliyoizidisha? Daktari ajibu anavyoamini. Usimpangie jibu wala usimwombe aongeze neno.

Hilo la kuzidisha lishike sana kama ripoti inataja "mabadiliko ya umri" kwenye pingili. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wanayo mabadiliko hayo kwenye picha zao. Sheria inamchukua majeruhi kama alivyokutwa: mgongo wako ulikuwa dhaifu, lakini ulikuwa unafanya kazi hadi siku ile. Tafuta ushahidi wa ulivyokuwa kabla, na usifiche matibabu ya zamani. Yakifichuka, hata daktari wako atakosa pa kusimama.

## Hatua ya 8: Kabla ya kusaini chochote

Barua yenye maneno "bila kuathiri haki" ni ya mazungumzo ya suluhu. Kwa kawaida haipelekwi mahakamani kama ushahidi wa kukiri kosa. Hati yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" ni kitu kingine kabisa. Ukisaini hiyo, kwa kawaida umefunga dai, hata kama mwezi ujao utaambiwa unahitaji upasuaji.

Fungua daftari usome mistari yote. Kama kuna mmoja ambao daktari bado hajaandika ubashiri, au hujafikia upeo wa kupona, mwonyeshe wakili mstari huo kwanza. Shida ya fedha ikikubana, muulize kama malipo ya awali yanaweza kuombwa wakati dai likiendelea.

Mwisho, mpe mtu asiyejua habari zako daftari hilo. Mwambie afunike safu mbili, asome moja, kisha akueleze uliumia wapi, vipi na kwa kiasi gani. Arudie kwa kila safu. Majibu yake matatu yakifanana, peleka daftari kwa wakili. Yasipofanana, rudi kwenye mstari uliotofautiana, na uanze tena Hatua ya 2.